Magnesiamu ya kidonge siyo ile ya sindano

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya vidonge vya magnesiamu yamejaa kwenye simu za kina mama, na ahadi zake ni zilezile kila mahali: vinaweka homoni sawa, vinaondoa uvimbe wa miguu, vinashusha presha ya mjamzito, vinazuia kifafa cha mimba. Hilo la mwisho ndilo limetufanya tuandike. Limebeba ukweli nusu, na mama anaweza kupoteza maisha kwa sababu ya ile nusu iliyoachwa.

Magnesiamu huzuia kifafa cha mimba, hilo halina ubishi. Lakini inayokizuia ni magnesiamu salfeti ya sindano, kwa gramu nyingi, chini ya uangalizi wa mhudumu. Kidonge hakijawahi kufanya kazi hiyo, wala hakitaweza.

Kifafa cha mimba hakisababishwi na upungufu wa magnesiamu. Tatizo huanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha ikikosa kutanuka inavyopaswa, kondo humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu kuta za mishipa yake. Presha inapanda, figo zinavujisha protini, na mwishowe ubongo unapata degedege. Sindano hapa ni dawa, haijazii pengo la chakula. Kiwango cha kawaida cha magnesiamu kwenye damu ni kama milimoli 0.7 hadi 1.0 kwa lita. Sindano inakipandisha mpaka milimoli 2 hadi 3.5. Kwa kumeza hufiki huko, kwa sababu utumbo hunyonya sehemu tu, kinachobaki kinaharisha, na figo nzima hutoa ziada yote kwa mkojo.

Ushahidi wa sindano hiyo ni mzito. Mwaka 1995 utafiti wa nchi kadhaa uliwalinganisha wanawake waliokwisha kupata degedege, ukaonyesha kwamba waliopewa magnesiamu salfeti walirudiwa na degedege kwa asilimia 52 pungufu ya waliopewa diazepamu. Mwaka 2002 ukatoka mwingine mkubwa zaidi, wa wanawake 10,141 katika nchi 33, wenye presha ya ujauzito ambao walikuwa hawajapata degedege. Sindano ilipunguza hatari ya kuipata kwa asilimia 58. Ni dawa chache za uzazi zenye rekodi ya namna hii, na bei yake ni ndogo.

Dozi yenyewe tunaieleza kwa kirefu kwa sababu familia nyingi hufika na mgonjwa zahanati kabla ya hospitali, na ni vizuri wajue kinachopaswa kutokea pale. Ampuli ya kawaida ina mililita 10 za dawa ya asilimia 50, yaani gramu 5. Haiingizwi kwenye mshipa ikiwa hivyo. Mhudumu huvuta mililita 8, ambazo ni gramu 4, akazichanganya na mililita 12 za maji ya sindano ili apate mililita 20 za asilimia 20, kisha akazichoma polepole kwenye mshipa kwa dakika 5 hadi 20. Baada ya hapo hufuata sindano mbili za msuli, gramu 5 kila tako, na kila moja huongezwa mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 kwa kuwa dawa hii inauma sana. Jumla ya dozi ya kwanza ni gramu 14. Degedege likirudi baada ya dakika 15, huongezwa gramu 2 kwenye mshipa, zikiwa zimechanganywa vilevile. Kisha ni gramu 5 za msuli kila baada ya saa 4, kwa kubadilisha tako, mpaka zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lile litakalokuwa la baadaye.

Kabla ya kila dozi inayofuata mambo matatu huangaliwa: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa kinyundo, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Magnesiamu inapozidi, goti ndilo hutangulia kunyamaza, kabla pumzi haijaathirika. Ndiyo maana hata zahanati isiyo na maabara inaweza kuitoa dawa hii kwa usalama. Goti likinyamaza, dozi inasimamishwa. Pumzi zikipungua, mgonjwa husaidiwa kupumua na kuchomwa kalsiamu glukoneti gramu 1 polepole kwenye mshipa. Hiyo ni mililita 10 za asilimia 10, na inatakiwa iwe karibu na kitanda tangu mwanzo, isiwe kwenye kabati ambalo ufunguo wake yuko nao mtu aliyetoka zamu.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. Dawa ya asilimia 50 kuingizwa kwenye mshipa bila kuchanganywa, au kusukumwa kwa dakika moja. Dozi ya saa nne kurukwa usiku. Dawa kukatishwa mara tu mtoto anapozaliwa, ilhali degedege huweza kuja baada ya kujifungua, hasa ndani ya saa 48 za kwanza. Lakini kosa linalotuuma kuliko yote ni mama kupakiwa kwenye gari la rufaa bila dozi ya kwanza, kwa hofu kwamba sindano itamuua njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: kituo kisichoweza kumhudumia mpaka mwisho kimpe dozi ya kwanza, ndipo kimsafirishe mara moja. Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza maswali mawili kabla gari halijaondoka. Amechomwa magnesiamu? Na saa aliyochomwa imeandikwa kwenye barua ya rufaa? Saa isipoandikwa, hospitali inayompokea itabahatisha: ama itarudia dozi mapema, ama itachelewesha.

Ndugu wajue pia kwamba mama atasikia joto kali mwilini, usoni na kifuani, wakati dawa inaingia. Katika utafiti ule wa 2002, karibu robo ya waliochomwa walipata madhara madogo, na mengi yalikuwa hayo ya kusikia joto. Yanapita, wala si sababu ya kudai dripu ing'olewe. Wajue tena kwamba sindano hii haishushi presha. Presha ya 160/110 au zaidi inahitaji dawa zake, kama nifedipini, haidralazini au labetaloli, na ugonjwa wenyewe huanza kuisha pale kondo linapotoka.

Kuhusu kujikinga, Mhariri, kuna jambo matangazo hayalisemi. Kirutubisho chenye ushahidi wa kupunguza presha ya ujauzito ni kalsiamu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula kina kalsiamu kidogo, zikigawanywa mara tatu pamoja na mlo, na ziachane kwa saa kadhaa na vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vinagombania kunyonywa. Kwa aliye kwenye hatari kubwa, yaani mwenye presha tangu zamani, kisukari, ugonjwa wa figo, mimba ya mapacha, au aliyepata tatizo hili mimba iliyopita, daktari humwanzishia aspirini ya miligramu 75 kabla ya wiki ya 20. Magnesiamu ya kumeza haimo kwenye orodha hiyo. Tafiti zake kwa wajawazito zilipokusanywa na kupitiwa pamoja mwaka 2014, hazikutoa ushahidi wa kutosha wa faida kwa mama wala kwa mtoto.

Mama aliyevimba uso na vidole ghafla, anayeumwa kichwa kisichotulia, anayeona vimulimuli, au anayesikia maumivu chini ya chembe cha moyo, asiende duka la dawa. Aende akapimwe presha na protini kwenye mkojo siku hiyohiyo. Presha ya 140/90 baada ya wiki ya 20 haitibiwi nyumbani, na kila siku anayoipoteza akisubiri kidonge "kifanye kazi" ni siku ambayo ugonjwa unaendelea kimyakimya.

Tena kuna chumvi ya haluli. Kikemia, haluli ni magnesiamu salfeti ileile, na mtu akiligundua hilo anaweza kudhani amepata njia ya mkato. Haluli ikinywewa inaharisha, inakausha maji ya mwili na kuvuruga chumvi za damu. Mjamzito asiiguse. Hata sindano yenyewe ina mipaka yake: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kumchoma mjamzito mfululizo kwa zaidi ya siku 5 hadi 7, kwa nia ya kuzuia uchungu wa mapema, huweza kudhoofisha mifupa ya mtoto tumboni.

Sasa tugeukie upungufu wenyewe, maana upo, na hatutaki wasomaji waondoke wakidhani ni uzushi wa wauzaji.

Mwili wa mtu mzima una kama gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu imo kwenye mifupa, sehemu kubwa ya iliyobaki imo kwenye misuli na viungo laini, na kwenye majimaji ya damu haifiki asilimia 1. Damu ikipungukiwa, mifupa huichangia, kwa hiyo kipimo huweza kusoma vizuri wakati akiba inakwisha. Kwa mjamzito kipimo hicho hudanganya hata kwa upande wa pili: majimaji ya damu huongezeka karibu kwa nusu, na kiwango huonekana kimeshuka kidogo bila upungufu wowote. Mtaalamu makini huuliza kwanza chakula, kutapika, kuharisha na dawa anazotumia mama, kabla hajatazama namba.

Walio hatarini ni mama anayetapika kwa wiki nyingi, anayeharisha mara kwa mara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa kwa sababu sukari inapotoka na mkojo huondoka na magnesiamu, anayekunywa pombe, anayetumia dawa za kukojosha, na anayemeza omeprazoli kwa miezi kadhaa kwa ajili ya kiungulia. Huyo wa mwisho husahaulika. Omeprazoli siku hizi inanunuliwa kama pipi, na ikitumika muda mrefu huweza kuzuia utumbo kunyonya magnesiamu mpaka damu ikaishiwa kabisa. Hapo hutokea ganzi mdomoni na vidoleni, misuli kukaza, hata moyo kwenda mrama, na potasiamu na kalsiamu hushuka pamoja nayo. Kumwongezea kalsiamu peke yake hakusaidii. Tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo, zinazotoa homoni ya kupandisha kalsiamu, zinahitaji magnesiamu ili zifanye kazi, na isiporudishwa kwanza, kalsiamu haitulii.

Uchovu peke yake si dalili ya kutegemea. Mjamzito aliyechoka apimwe damu. Chini ya gramu 11 za hemoglobini kwa desilita ana upungufu wa damu, na huo ndio wa kutibiwa. Apimwe malaria na sukari pia. Vigimbi vinavyokaza usiku ni jambo jingine: mwongozo wa kliniki unakubali magnesiamu au kalsiamu ijaribiwe, sambamba na kunyoosha misuli, kupumzika na maji ya moto. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati.

Mahitaji yenyewe si makubwa kama yanavyotangazwa. Mwanamke asiye na mimba anahitaji miligramu 310 hadi 320 kwa siku. Akipata mimba ni 350, au 360 akiwa na umri unaozidi miaka 30. Msichana wa miaka 18 au chini yake anahitaji 400. Nyongeza ya mimba, basi, ni miligramu 40. Konzi ya karanga ya gramu 30 ina kama 50.

Pengo kubwa la chakula chetu liko mashineni. Magnesiamu ya mahindi imo kwenye kiini na kwenye ganda. Mahindi yakikobolewa, vyote viwili vinaondoka na pumba kwenda kwa kuku na nguruwe. Gramu 100 za unga wa dona zina miligramu 90 hadi 127. Za sembe nyeupe hazifiki 40. Tofauti ya namna hiyo ipo pia kati ya unga wa ngano nzima na ule mweupe wa chapati. Unga unaorutubishwa viwandani nchini hurudishiwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Magnesiamu hairudishwi. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki navyo havina.

Mama anayepika ugali wa dona wa gramu 200 za unga kwa siku, kikombe cha kunde zilizoiva, kikombe cha mchicha, konzi ya karanga na ndizi mbivu moja, amekwisha kupita 400. Akibadilisha dona kwa sembe, na bakuli la kunde likawa vijiko viwili, hafiki hata 350 anazohitaji. Mbegu za maboga ndizo bora kuliko vyote: gramu 30 zina takriban 150, na majumbani mwengi hutupwa pamoja na utumbo wa boga. Zioshe, zianike, zikaangwe bila mafuta, zitafunwe au zitwangwe kwenye uji wa ulezi. Mchicha upikwe kwa maji machache, na maji hayo yasimwagwe, kwa kuwa sehemu ya magnesiamu huhamia humo. Maharage yakilowekwa usiku kucha, au unga wa uji ukichachushwa, kile kinachoshikilia madini kwenye nafaka na kunde hupungua na mwili hufyonza zaidi.

Dona nayo ina masharti, na tunayasema kwa sababu mlipuko wa sumukuvu wa 2016 huko Dodoma na Manyara haupaswi kusahauliwa. Kukoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo pamoja na ganda, kwa hiyo anayekula dona lazima awe mkali kwenye kuchagua mahindi. Punje zilizooza, zilizovunjika, zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida zitolewe zote. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, yasitandazwe ardhini. Na kwa kuwa kiini kina mafuta yanayochacha, sageni ya wiki mbili tu, si ya miezi mitatu.

Udongo wa pemba unaouzwa sokoni kwa wajawazito hauzibi pengo hili. Hushikilia madini ya chuma tumboni yasinyonywe, na unaweza kuwa na risasi.

Kuhusu homoni tutakuwa wafupi, kwa sababu ushahidi ni mfupi. Magnesiamu si homoni wala si malighafi yake. Estrojeni na projesteroni hutengenezwa na mwili kutoka kwenye kolesteroli. Magnesiamu husaidia insulini kufanya kazi, na hapo pana uhusiano wa kweli na wanawake wenye ovari zenye vifuko vingi, ambao wengi wao insulini haiwafanyi kazi vizuri. Lakini hakuna kidonge cha magnesiamu kilichothibitishwa kurudisha hedhi au kupevusha yai. Kwa maumivu ya hedhi na hali ya kabla ya hedhi kuna tafiti ndogo zilizotumia miligramu 200 hadi 360 kwa siku, baadhi zikaonyesha nafuu. Asiye mjamzito na mwenye figo nzima akitaka kujaribu miezi miwili au mitatu, hatumkatazi.

"Mvurugiko wa homoni" si jina la ugonjwa. Hedhi ikikatika, kipimo cha kwanza ni cha mimba. Ikikosekana miezi mitatu, daktari atazame tezi ya shingo, homoni ya maziwa, na ovari kwa altrasaundi. Damu inayotoka kwa zaidi ya siku saba, au yenye mabonge, ichunguzwe kama kuna vivimbe kwenye mfuko wa uzazi. Kila kimoja kina tiba yake, na miezi sita ya vidonge vya mtandaoni ni miezi sita ya kuchelewa.

Anayenunua kidonge asome lebo vizuri. Magnesiamu oksaidi ya miligramu 400 ina magnesiamu halisi kama 240 na hunyonywa kidogo. Sitrati ya miligramu 1,000 ina kama 160, lakini hunyonywa vizuri zaidi. Kwa vidonge, kikomo kinachotumika Marekani ni miligramu 350 za magnesiamu halisi kwa siku bila kuhesabu chakula. Ulaya ni 250. Vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia ambavyo watu huviita "magnesiamu" vimetengenezwa kutuliza asidi, visitumike kama lishe. Mwenye ugonjwa wa figo asimeze chochote kati ya hivi bila daktari. Vidonge vya kuongeza damu viachane na magnesiamu kwa saa mbili au zaidi, dawa ya tezi ya shingo kwa saa nne, na anayetumia doksisaiklini au siprofloksasini aulize kwanza, maana magnesiamu huzishika dawa hizo tumboni zikapita bila kufanya kazi.

Ombi letu kwa gazeti lako ni dogo. Makala au tangazo lolote la magnesiamu likiletwa mezani kwako, lisichapwe mpaka litaje aina yake, miligramu halisi kwa kidonge, na nani asitumie. Likitaja presha ya ujauzito au kifafa cha mimba, lirudishwe lilikotoka, na nafasi hiyo ichapwe dalili nne tulizoziandika hapo juu pamoja na namba hizi mbili: 140/90 na 160/110.

Wakunga na maofisa lishe,
Morogoro